Karatasi ya Sudi

Karatasi yake bado ninayo. Imekunjwa mara mbili, kingo zimelegea kama kitambaa, na kile kisanduku cha pointi za uhai nimekifuta kwa raba mara nyingi hadi pamekonda. Ukiinyanyua mbele ya taa, mwanga unapenya hapo tu. Kwingine kote karatasi ni nzima. Juu kabisa, kwa herufi kubwa za kalamu ya risasi, pameandikwa jina: SUDI.

Jina hilo nilimpa kabla sijarusha dadu hata moja. Nilitaka mtu mwenye nyota njema, mjanja wa vidole vyepesi, wa kuingia mahali na kutoka bila mlango kujua kwamba umefunguliwa. Nilikuwa nimemwona kichwani siku nyingi kabla ya kikao cha kwanza, namna anavyotembea, namna anavyozungumza kwa sauti ya chini hata pasipo sababu.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, nieleze kidogo. Dungeons & Dragons ni mchezo wa kuigiza kwa maneno. Ulianza kuuzwa mwaka 1974, kazi ya Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na sisi tulikuwa tukicheza toleo la tano, la mwaka 2014. Mmoja wenu anakuwa msimulizi: dunia ya hadithi anaijua yeye, na maadui, wafalme, walinzi na mazimwi wote wanazungumza kupitia mdomo wake. Waliobaki, kila mmoja ana mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini. Kama jambo lenyewe lina mashaka, unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha uwezo wake, na msimulizi analinganisha na namba aliyoiweka. Ukiifikia umefaulu, usipoifikia umekosa. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mnatunga hadithi pamoja, na dadu nayo inaitia mkono wake.

Meza yetu ilikuwa na kanuni kali. Sifa sita za mhusika tulizirusha kwa dadu 3 za pande 6, kwa mpangilio ulioandikwa kwenye karatasi, bila kuhamisha namba. Meza nyingi hurusha dadu 4 na kuiacha iliyo ndogo kuliko zote, na wahusika wao hutoka wamenawiri. Sisi tulitaka watu wa kawaida, wale ambao wastani wao ni 10 na nusu. Sudi alipata Nguvu 9, Wepesi 15, Ustahimilivu 6, Akili 12, Hekima 7, Mvuto 11. Ule Wepesi wa 15 ulinifurahisha, kwa kuwa ndio uti wa mgongo wa mjanja. Ule Ustahimilivu wa 6 niliuandika taratibu. Ndio unaoamua mtu anavumilia mapigo mangapi kabla hajadondoka.

Mjanja huanza na pointi 8 za uhai. Ustahimilivu wa 6 ukamnyang'anya 2, akaanza na 6. Alipopanda kiwango cha pili nikarusha dadu ya pande 8 kumwongezea, ikatoka 2. Ukiondoa zile 2 za udhaifu wake hakibaki kitu, ila kanuni inampa kila mtu angalau pointi 1. Akawa na 7. Kiwango cha tatu dadu ikatoka 1, akawa na 8. Wakati huohuo askari wetu wa upanga alikuwa na 31. Tulikuwa tumekaa meza moja, tunapambana na maadui walewale.

Mlango wa kwanza aliojaribu kuufungua naukumbuka vizuri kuliko milango mingi niliyoifungua mwenyewe. Ulikuwa mlango wa ghala, kufuli ya kawaida, namba ya kufikia 12. Sudi alikuwa na nyongeza ya 6 kwa kazi hiyo, maana nilikuwa nimemchagulia kufuli kuwa utaalamu wake mkubwa. Dadu ilihitaji kutoka 6 au zaidi. Ikatoka 1. Nikajaribu tena, ikatoka 3. Mara ya tatu ikatoka 1 nyingine, na msimulizi akasema waya umekatikia ndani ya kufuli, na mlinzi amesikia.

Ukipiga hesabu, kukosa mara tatu mfululizo kwa namba hizo ni nafasi moja kati ya 64. Si muujiza. Ukicheza mwaka mzima utaliona mara kadhaa. Lakini lilimpata Sudi katika dakika yake ya kwanza mbele ya wenzake, na msimulizi akalisimulia kama watu wengi wanavyosimulia 1: mikono ikamtetemeka, akaangusha waya, akajikwaa. Meza nzima ikacheka. Jioni ile Sudi akageuzwa kioja. Kufikia kikao cha tatu, aliyecheza askari alikuwa na msemo wake kila nikinyanyua dadu: "Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza." Kuna aliyesogeza dadu zake mbali na zangu ili nuksi isimwambukize.

Niliumia, wala sioni haya kulisema. Watu husema ni mchezo tu, na ni kweli. Ila mhusika unayemtunga unamwazima kitu chako ili asimame, na anapochekwa kwa jambo ambalo halimo ndani yake, unalisikia. Sudi sikumtunga awe mzembe. Nilimtunga awe fundi.

Baada ya kikao hicho nilibaki na msimulizi tukikusanya karatasi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nina ombi. Sudi akikosa, akose. Siombi umbebe. Ila naomba akose kama anavyokosa mtu anayeijua kazi yake."

Akaniuliza nina maana gani.

Nikamwambia, "Fundi mzuri naye hushindwa kufungua kufuli. Lakini hashindwi kwa sababu kajikwaa. Anashindwa kwa sababu kufuli imeliwa na kutu ndani, au ina meno ya aina ambayo hajawahi kuikuta, au kasikia hatua nyuma yake akalazimika kuacha. Dadu inakwambia lililotokea. Haikwambii kwa nini limetokea. Hiyo kwa nini ni yako na yangu."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo kwa nini nilikuwa naitupa bure."

Kikao kilichofuata Sudi alirusha mshale, dadu ikatoka 1. Katika toleo letu, shambulio likitoka 1 limekosa, hata uwe na nyongeza ya namna gani. Msimulizi akasema: "Sudi anavuta upinde, anashusha pumzi, anaachia. Mshale unakwenda sawasawa palipokuwa na koo la yule zimwi. Ila zimwi limegeuka kumwangalia mponyaji, na mshale umepita mahali lilipokuwa." Hakuna aliyecheka. Aliyecheza mponyaji akainuka kidogo kwenye kiti, akauliza, "Limegeuka kuniangalia mimi?" Hadithi ikashika njia mpya hapohapo, kutokana na mshale uliokosa.

Mimi mwenyewe naendesha meza siku hizi, na hili nalishikilia kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa kitabuni. Mchezaji akitoa 1 simfanyi mhusika wake mpumbavu. Namuuliza kwanza, "Unadhani ni nini kilichomzuia?" Mara nyingi jibu lake linashinda langu, na ukimtazama usoni unaona kwamba mhusika bado ni wake.

Basi nikawa na tatizo jingine, la kutaka kujua kama Sudi kweli ana mkosi au ni dadu yangu mbovu. Kuna jaribio linalojulikana sana na wachezaji: unakoroga chumvi kwenye glasi ya maji hadi dadu ielee, halafu unaigusa kwa kidole ili izunguke, unaangalia upande gani unakuja juu. Dadu yenye uzito ulioegemea upande mmoja itakuwa inarudia namba zilezile. Ilichukua chumvi nyingi kuliko nilivyotegemea. Yangu ilielea ikiwa imezama karibu yote, kidogo tu kikijitokeza juu ya maji, na kila nilipoigusa ilikuja na namba yake: 8, 17, 4, 12, 19. Sikuona kasoro. Ili nisibaki na shaka, nikakaa na daftari nikairusha mara 200. Namba 1 ilitoka mara 11. Ukigawanya 200 kwa 20 unapata 10. Dadu ilikuwa mwaminifu.

(Umbo lenyewe la pande 20 ni la kale kuliko mchezo huu kwa karne nyingi. Metropolitan Museum of Art ya New York inayo dadu ya jiwe ya namna hiyo kutoka Misri ya kale, ina herufi za Kigiriki kila upande. Nikiitazama picha yake huwa nawaza ni watu wangapi waliwahi kuinung'unikia.)

Katika zile zetu za leo, pande zinazotazamana hujumlishwa zikafika 21. Kwa hiyo ukiona 1 imekaa juu, ujue 20 imelala chini, imegusa meza. Nilipogundua hilo nilianza kuiinua dadu taratibu kila Sudi akipata 1, nichungulie. Ipo kweli.

Dadu ikishakuwa haina hatia, nikaanza kumhesabu Sudi mwenyewe. Nyuma ya karatasi yake kuna safu za vistari vidogo vya vikao vinne. Jumla alirusha mara 87, na mara 5 zilitoka 1. Kwa dadu ya haki ungetarajia 4 na ushee. Kwa maneno mengine, Sudi hakuwa na mkosi mkubwa kama tulivyoapa wote kwamba anao. Nilikataa kuamini, nikarudia kuhesabu. Ilikuwa vilevile.

Vile vistari vilinionyesha kitu kingine. Mara 19 kati ya zile 87, Sudi alirusha kwa hasara. Hapo unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, na nafasi ya kuishia na 1 inaruka kutoka asilimia 5 hadi karibu asilimia 10. Nikapitia kila mojawapo. Alirusha mshale huku adui amesimama pua kwa pua naye, na kanuni inasema upinde ukitumika karibu hivyo ni hasara. Alilenga shabaha iliyo mbali kupita kipimo cha kawaida cha upinde wake. Alipigana akiwa amelala chini. Hakuna aliyemsukuma kwenye nafasi hizo ila mimi. Nilikuwa namwingiza palipo pagumu kwa sababu nilipenda kumwona akijaribu, halafu dadu ikifanya kama hesabu inavyosema, nalia na nyota yake. Ukiziingiza zile mara 19 kwenye hesabu, unatarajia 1 itoke mara 5 hivi, na ndivyo ilivyokuwa.

Nilijiuliza kwa nini basi wote tulikuwa na hakika. Nadhani ni wakati zilipotoka. Sudi alitoa 14 akipekua kabati, 16 akisikiliza mlangoni, 18 akipanda ukuta ambao hata hivyo haukuwa na mlinzi. Nani anazikumbuka? Nimezikuta kwenye vistari vyangu, kichwani hazimo. Lakini 1 ya kufuli ya ghala, 1 mbele ya malkia wakati Sudi anamdanganya kuhusu majina yetu, 1 ya mshale wa zimwi, hizo kila mtu anazo. Tangu hapo mtu akiniambia mezani kwamba hana bahati, simbishii. Namwomba aanze kuchora vistari.

Na sasa daraja.

Lilikuwa daraja la kamba juu ya korongo lenye kina cha futi 60. Sudi alitangulia kwa sababu alikuwa mwepesi kuliko sisi sote, na ndivyo ilivyopaswa. Dadu ikatoka 2. Ubao ukakatika chini yake akaenda. Kanuni ya kuanguka ni dadu 1 ya pande 6 kwa kila futi 10, kwa hiyo dadu 6, ambazo kwa wastani zinaleta 21. Sudi alikuwa na pointi 8. Na kuna kanuni nyingine inayosema pigo likikufikisha sifuri, kisha likazidi kwa kiasi kinachofikia pointi zako zote ulizo nazo ukiwa mzima, unakufa palepale, hakuna cha kuomba. Ishirini na moja ukitoa 8 inabaki 13. Nilikwisha kuifanya hesabu kabla msimulizi hajaokota dadu zake, na nadhani uso wangu uliisema.

Aliyecheza mchawi wetu alikuwa mtu mkimya. Mhusika wake naye alikuwa mkimya, msomi mwenye majivuno, na katika vikao vyote hivyo hajawahi kumsemesha Sudi isipokuwa kumwambia apishe. Alikuwa amebakiza nafasi moja tu ya kutumia uchawi, na sote tulijua kwamba ng'ambo ya korongo kuna kitu kinatusubiri. Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja chini, kama anamtuliza mtu.

"Namshusha," akasema. "Kama unyoya."

Askari akashtuka. "Hiyo ndiyo ya mwisho! Tutapigana na nini?"

"Simwachi."

Sudi akashuka polepole hadi chini ya korongo, akiwa mzima. Na kwa kuwa msimulizi alikuwa amejifunza kutoitupa bure kwa nini ya dadu, kule chini hakukuwa na mawe matupu. Kulikuwa na mlango wa pango nyuma ya majani, na njia iliyotokea mgongoni mwa yule aliyekuwa anatusubiri juu. Tungevuka salama tusingeiona kamwe. Vita tuliyoiogopa tuliimaliza kwa raundi mbili, bila uchawi hata kidogo.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kilichofuata usiku ule kambini, ndani ya hadithi. Sudi alikwenda kukaa karibu na mchawi. Nilimchezea hivi: hakusema asante. Alitoa mfukoni kile kipande cha waya kilichobaki baada ya ule mwingine kukatikia kwenye kufuli ya ghala, akamwonyesha namna ya kukishika, kidole gani kinasukuma na kipi kinasikiliza. Tulikaa kwenye jambo hilo labda dakika kumi, wawili tu tukizungumza kwa sauti za wahusika wetu, na wenzetu wakatuachia. Mchawi akauliza, "Unasikiliza nini humo ndani?" Sudi akamjibu, "Nasikiliza inapokubali." Sijui jibu hilo lilinitoka wapi. Sikuwa nimelipanga.

Katika meza nyingi nilizokaa tangu hapo nimewaona wahusika wasiokosa. Wametengenezwa vizuri, namba zao zimepangwa na mtu anayejua vitabu, na kila wanachogusa kinafunguka. Nawaheshimu. Ila hawajawahi kumfanya mtu aliye kando yao anyooshe mkono juu ya meza. Hakuna anayehitaji kuwashusha. Kila Sudi alipokosa aliacha pengo ambalo mwingine aliingia, na baada ya miezi michache kundi letu lote lilikuwa limeshonwa kwa mapengo hayo. Mponyaji alianza kutembea nyuma yake. Askari, yuleyule wa nyani na miti, akawa anauliza kabla ya kila mlango, "Sudi yuko upande gani?" ili asimame kati yake na hatari.

Alikufa akiwa na kiwango cha nne na pointi 10.

Tulikuwa ndani ya ngome, tunawatoa watu waliofungwa huko, wazee na watoto wengi. Njia ya kutokea ilikuwa lango la chuma linaloinuliwa kwa gurudumu lililo katika chumba cha pembeni, hatua kadhaa kutoka langoni. Sudi alilizungusha, lango likapanda. Kisha msimulizi akasema kizuizi cha gurudumu kimevunjika. Mtu akiliachia, lango linashuka.

Nikachukua dadu. "Nirushe nini? Nguvu?"

Akatikisa kichwa. "Hurushi kitu. Mtu yeyote anaweza kulishika. Unalishika, au unaliachia."

Naikumbuka ile dadu mkononi, imeshapata joto la kiganja. Nikaiweka chini. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi yote hiyo Sudi kuulizwa jambo kubwa moja kwa moja, bila dadu kupitia katikati.

"Analishika," nikasema.

Raundi ya kwanza wazee wakatoka. Raundi ya pili walinzi wakafika kwenye korido, mishale miwili, mmoja ukampata. Pointi 10 zikawa 4. Askari akapiga kelele, "Sudi, toka! Toka sasa!" Msimulizi akanitazama. Nikasema bado ameshika. Raundi ya tatu watoto wa mwisho wakapita chini ya lango, mponyaji na mchawi wakiwavuta mikono, askari akiwa wa mwisho. Mshale mwingine ukampata Sudi, akafika sifuri. Gurudumu likazunguka. Lango likaanguka, wenzake wote wakiwa nje na yeye ndani.

Mhusika akiwa sifuri, kila zamu yake anarusha dadu tupu, bila nyongeza ya aina yoyote. Ikitoka 10 au zaidi, kaponea hatua moja. Chini ya hapo, kapoteza moja. Akiponea tatu anatulia. Akipoteza tatu amekufa. Ikitoka 20 anafumbua macho. Ikitoka 1 inahesabiwa kuwa amepoteza mbili kwa mpigo.

Ya kwanza nikarusha 12.

Askari akajaribu kuinua lango kwa mikono. Namba ya kufikia 20, yeye ana nyongeza ya 4. Akarusha 14, ikawa 18. Mponyaji hakuwa na nafasi ya uchawi iliyobaki, na mikono yake haikuweza kufika hatua zote zile kupitia kwenye vyuma.

Ya pili nikarusha 1.

Hakuna aliyesema lolote kuhusu nyota wala nyani. Askari akarusha tena, ikatoka 6. Niliona anaigeuza dadu yake kidogo kwa ncha ya kidole, kama anayeiomba ijifikirie upya, halafu akaiacha.

Ya tatu nikarusha 9.

Ilipungua moja. Nilikuwa nimezoea zile 1 zake hadi nilijua namna ya kuzipokea. Ile 9 sikuwa nimejiandaa nayo.

Msimulizi hakuharakisha. Akatuuliza kila mmoja anachokiona kupitia kwenye lango. Mponyaji akasema anaona mkono wake, bado uko kwenye gurudumu. Askari akasema hataki kuangalia. Mchawi alikuwa wa mwisho, akauliza kama kuna kitu chochote cha Sudi kilichoangukia upande wa nje, hata kidogo. Msimulizi akafikiri, akasema ndiyo. Kile kipande cha waya, ambacho Sudi alikuwa amekitumia kufungua kufuli ya gurudumu, kimerushwa na lango lilipoanguka, kimeteleza kwenye sakafu ya mawe na kusimama miguuni kwa mchawi.

Aliyecheza mchawi akachukua kalamu. Kwenye orodha ya vitu anavyobeba mhusika wake, chini ya kitabu cha uchawi, kamba na mishumaa, akaandika: "Kipande cha waya, cha Sudi. Uzito: hakina."

Tulicheza hadithi ile muda mrefu baada ya hapo. Nilitunga mhusika mwingine, mwimbaji, akaishi hadi mwisho. Karatasi za mchezo huu huchakaa, na kila mtu hufika mahali akalazimika kunakili ya zamani kwenye mpya, na hapo ndipo vitu visivyotumika huachwa: kamba ile ikaachwa, mishumaa ikaachwa, sarafu za mji tuliokwisha kuuhama zikaachwa. Mchawi alibadilisha karatasi mara tatu. Nilikuwa nakaa kando yake, na kila mara nilisubiri kuona kama atauruka ule mstari. Mara zote tatu aliuandika, kwa mwandiko uleule, na mara ya mwisho akauweka juu kabisa, kabla ya kitabu cha uchawi.